Vyura na kobe wa maji wa Lindi na Mtwara: dhana tunazoingia nazo bwawani

Utafiti wa vyura na kobe wa maji katika mikoa hii miwili hufanyika zaidi kati ya Desemba na Aprili, mvua zinapojaza madimbwi, malambo na kingo za Lukuledi, Mbwemkuru na Ruvuma. Mtu akiingia majini na dhana mbovu, hasara haiishii kwenye takwimu. Anaweza kuuchukua ugonjwa bwawa hili na kuushusha bwawa la pili siku hiyohiyo.

"Huku pwani ni joto, ugonjwa wa kuvu wa vyura hauwezi kukaa."

Kuvu inayozungumzwa ni Batrachochytrium dendrobatidis, kwa kifupi Bd, iliyoelezwa kisayansi mwaka 1999. Inakaa kwenye ngozi ya chura na kuvuruga chumvi za mwili wake hadi moyo unasimama. Ni kweli kwamba inastawi zaidi kati ya nyuzijoto 17 na 25, na joto likizidi 28 inadhoofika. Lakini maji ya dimbwi lililo juani si sawa na maji ya kijito kilichofunikwa na miti, na uwanda wa Rondo unapanda zaidi ya mita 800 kutoka usawa wa bahari, ambako usiku wa Juni na Julai ni wa baridi hasa. Kwa hiyo usitumie takwimu za joto za mjini. Pima maji palepale chura alipokamatwa, alfajiri na tena alasiri.

Isitoshe, kuvu siyo adui pekee. Ranavirusi hushambulia vyura, kobe na samaki, na joto la mchana haliwakingi.

Nchi yetu imeshaonja msiba huu. Chura wa Kihansi, kule Udzungwa, idadi yao iliporomoka ghafla mwaka 2003, na mwaka 2009 wakatangazwa kuwa hawapo tena porini. Sababu haikuwa moja, maana maji ya maporomoko yao yalikuwa tayari yameelekezwa kwenye mitambo ya umeme, ila Bd ilikutwa kwenye vyura waliokufa.

"Kuvu hii asili yake ni Afrika, vyura wetu wameizoea."

Hivyo ndivyo wengi walivyoamini zamani. Uchunguzi wa vinasaba uliotoka mwaka 2018 ulielekeza asili yake Asia ya Mashariki.

"Ukishasuuza buti kwa maji ya mto, umemaliza."

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Maji ya mto hayaui kitu. Anza kwa brashi: toa tope lote kwenye soli, wavu na miguu ya mitego, kwa sababu tope hula nguvu ya dawa kabla haijafika kwenye vijidudu. Kisha tumbukiza vifaa kwenye mchanganyiko wenye hipokloriti ya sodiamu asilimia 1. Soma lebo ya jiki uliyonunua. Ikiwa ina asilimia 3.5, changanya sehemu 2 za jiki na sehemu 5 za maji. Dakika 5 zinatosha. Tengeneza mpya kila siku, kwa sababu jua na joto huivunja, na ndiyo maana dumu lililoachwa nyuma ya gari tangu juzi halifai hata likinuka. Fanya shughuli hii mbali na maji na suuza vizuri kabla ya kuingia bwawa jingine. Klorini iliyobaki huua viluwiluwi.

Kuanika nako husaidia, maana Bd hufa ikikauka kabisa kwa saa tatu. Shida ni neno "kabisa": buti likikauka nje, kitambaa cha ndani huwa bado kibichi. Ranavirusi nao huvumilia ukavu kwa muda mrefu zaidi, hivyo jua lisichukue nafasi ya dawa.

"Glovu ni za kumlinda mtafiti."

Kwanza zinamlinda chura. Chura mmoja, glovu mpya, mfuko wake peke yake. Ukiwachanganya, sampuli zinachafuana, na akiwemo Phrynomantis bifasciatus, yule mweusi mwenye michirizi myekundu, sumu ya ngozi yake inaweza kuwaua wenzake mfukoni. Ili kupima Bd, kijiti cha pamba kipitishwe mara 5 kwenye tumbo, mara 5 kila paja kwa ndani, mara 5 kwenye utando wa kila mguu wa nyuma. Kwa kiluwiluwi, pangusa mdomo tu, kwa kuwa keratini yake, protini ngumu ambamo kuvu hukaa, iko hapo.

"Tumepima vyura kumi, hakuna ugonjwa."

Kumi hawasemi chochote. Ili uwe na uhakika wa asilimia 95 kwamba maambukizi hayafiki asilimia 5, unahitaji vyura 59 na wote wawe safi.

"Kobe wa maji hazami."

Anazama, na maji yakiwa na joto anazama haraka zaidi, kwani mwili wake unahitaji hewa nyingi. Theluthi ya mtego ibaki juu ya maji, na weka ndani chupa mbili tupu zilizofungwa ili uelee maji yakipanda. Lukuledi inaweza kujaa usiku hata kama mvua imenyesha Masasi tu. Kagua asubuhi na jioni bila kukosa. Chambo, kama vichwa vya samaki, kiwe kwenye kopo lililotobolewa.

"Mistari ya gamba ni miaka yake."

Hapana. Kobe anaweza kukua kwa vipindi zaidi ya kimoja katika mwaka, na kwa mzee mistari imesagika. Kobe wa Ruvuma mwenye gamba laini, Cycloderma frenatum, hana hata magamba ya kuhesabu. Huyo usimtie alama kwa kukata ukingo wa gamba kwa tupa.

"Lambo limekauka, kobe wamekufa."

Pelomedusa, jamii ya kobe wa maji, hujichimbia kwenye tope na kusubiri mvua. Wanaosafisha malambo kiangazi wachimbe kwa uangalifu.

"Chura huleta chunjua."

Chunjua huletwa na virusi vya binadamu. La kuogopa ni salmonela, ambayo kobe hubeba bila dalili yoyote. Nawa kwa sabuni.

"Vyura waliokufa wameuawa na dawa ya mikorosho."

Huenda, lakini salfa ya mikorosho hupulizwa kiangazi, na macho hayatofautishi sumu na virusi. Chukua waliokufa karibuni, kabla hawajaoza. Kipande cha ini kiende kwenye spiriti ya asilimia 70 au zaidi kwa vipimo vya vinasaba, kingine kwenye fomalini ya asilimia 10, ujazo mara kumi ya nyama. Usiweke vyote kwenye fomalini, inaharibu vinasaba. Andika lebo kwa penseli, maana spiriti hufuta wino.