Jiberelini: homoni inayofungua wanga wa punje inayoota

Jiberelini ni jina la kundi la homoni za mimea. Zimeshatambuliwa zaidi ya mia moja, ingawa ni chache tu zinazofanya kazi hasa ndani ya mmea. Kazi zake ni nyingi, kuanzia kurefusha shina hadi kuchochea maua. Hapa nitabaki na ile inayofanyika gizani, ndani ya punje ya nafaka iliyokwisha kulowa maji, kwa sababu ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi. Wengi hudhani homoni hii ni chakula cha mche, au kwamba yenyewe ndiyo inayoyeyusha wanga. Si hivyo. Jiberelini hutoa amri tu, na kazi hufanywa na wengine.

Chukua punje ya shayiri uipasue. Upande mmoja wa chini kuna kiinitete, yaani mmea wenyewe ukiwa mdogo kabisa. Sehemu kubwa iliyobaki, ile nyeupe, ni ghala la wanga. Seli za ghala hilo zilikufa punje ilipokomaa na kukauka, kwa hiyo haziwezi kujifungulia. Lakini kati ya ghala na ganda kuna tabaka jembamba la seli zilizo hai, liitwalo aleuroni. Kwenye ngano na mahindi ni safu moja tu ya seli, kwenye shayiri ni kama tatu. Tunapokoboa nafaka, tabaka hili huondoka na pumba.

Kiinitete kinahitaji sukari ili kitoe mzizi na chipukizi, na wanga haupiti kwenye seli ukiwa wanga. Punje ikishanywa maji ya kutosha, kiinitete hutengeneza jiberelini. Homoni hiyo husambaa mpaka kwenye aleuroni. Huko seli huanza kutengeneza vimeng'enya, yaani protini zinazofanya kazi ya kuukata wanga, maarufu kati yake ikiwa ni alfa-amilesi, na kuvimwaga ndani ya ghala. Katika shayiri, saa kadhaa tu baada ya homoni kufika, kimeng'enya hicho huanza kuonekana. Wanga hukatwakatwa ukawa sukari, na sukari hurudi kwa kiinitete. Aleuroni ikishamaliza kazi hiyo, seli zake nazo hufa.

Mwaka 1890 Gottlieb Haberlandt alikwisha kuona kwamba tabaka hilo la nje ndilo linalotoa kimeng'enya. Kilichokosekana ni kujua nani analiamuru. Jibu lilipatikana mwaka 1960, kutoka kwa watu wawili waliofanya kazi kila mmoja kivyake, Harugoro Yomo wa Japani na Leslie Paleg aliyekuwa Australia. Jaribio linalothibitisha jambo hili ni jepesi kiasi cha kupendeza. Kata punje ya shayiri vipande viwili, kimoja kiwe na kiinitete na kingine kisiwe nacho, kisha viloweke. Kile chenye kiinitete wanga wake utalainika. Kingine kitakaa vilevile siku baada ya siku. Sasa kidondoshee jiberelini kidogo sana: wanga unaanza kuyeyuka, ingawa hakuna mmea wowote wa kuulisha.

Ndani ya seli, jiberelini hufanya kazi kwa kuondoa kizuizi. Kuna protini ziitwazo DELLA ambazo huzuia jeni husika zisisomwe. Homoni ikinaswa na kipokezi chake, kilichogunduliwa kwenye mpunga mwaka 2005, DELLA huvunjwa na jeni za alfa-amilesi huachiwa. Na kuna homoni nyingine, asidi ya absisiki, inayovuta upande wa pili: hiyo huiweka punje katika usingizi ikiwa bado kwenye suke. Ikipungua mapema na mvua ikanyesha wakati wa mavuno, ngano huota ikiwa ingali shambani, na unga wake hutoa mkate unaonata, kwa kuwa wanga umeshaanza kukatwa.

Wenye viwanda vya bia wameyatumia haya kwa faida. Wanaoandaa kimea cha shayiri huweza kunyunyizia asidi ya jibereliki, ambayo ni mojawapo ya jiberelini, chini ya miligramu moja kwa kilo, ili siku za kuotesha zipungue.

Sisi tunaukuta mchakato huu kwenye togwa. Uji mzito ulioachwa upoe ukawa wa vuguvugu, ukitiwa unga wa kimea cha ulezi na kukorogwa, hulegea mbele ya macho yako na kuanza kuwa mtamu, mapema kabla haujachachuka. Hapo ni vimeng'enya vilivyotengenezwa wakati punje inaota, vikiendelea na kazi kwenye sufuria. Ukitia kimea uji ukiwa unatokota, joto huviharibu na uji hubaki mzito. Kwa mtoto mdogo tofauti hii ni kubwa: uji uliolegezwa kwa kimea unaweza kubeba unga mwingi zaidi bila kumkaba, na tumbo lake dogo likapata nguvu ya kutosha.

Tahadhari moja kuhusu mtama. Mengi yaliyoandikwa kuhusu jiberelini yametokana na shayiri, na mtama haufuati mkondo uleule. Alfa-amilesi yake hutoka zaidi kwenye kiinitete chenyewe, na aleuroni yake haiitikii homoni kwa nguvu kama ya shayiri. Kwa hiyo kuunyunyizia mtama jiberelini hakuleti faida ile. Kinachotakiwa ni mbegu yenye kiinitete kizima, kwa sababu punje iliyoliwa kiini na fukusi itavimba kwa maji na kuoza bila kutoa kimea. Na mtama ukishaota, vikonyo na mizizi yake vipukutishwe baada ya kukauka, maana ndimo inamokusanyika sumu ya sianidi.