Nobu ya besi haifanyi kazi? Usikimbilie kununua nyingine

Wakuu, hii ya nobu ya besi, kile kidude cha kuzungusha kinachoungwa kwa waya kwenye amplifaya ya gari kuongoza sabufa, naletewa sana hapa Tanga, vijana wenye gari za IST, za Noah, mpaka jamaa wa Hiace za daladala, mtu anakuja kashika kile kidude mkononi anakwambia fundi hii imekufa nitafutie nyingine. Naipima, nzima. Mara nyingi shida ni waya au seting za amplifaya yenyewe, na hela ya nobu mpya ingeenda bure.

Kwanza ujue unayo ya aina gani. Ile nguvu inayosukuma sabufa haipiti kwenye nobu hata kidogo, mle ndani kuna voliumu ndogo tu na kitaa cha kuonyesha imewaka. Ila kuna nobu ya kupunguza sauti ya sabufa nzima, ukirudisha kushoto mwisho sabufa inanyamaza kabisa, na kuna ya kuongeza besi, ambayo inainua eneo dogo tu la sauti nzito, mara nyingi karibu na 45 Hz. Hii ya pili ukirudisha kushoto besi haizimi, inabaki ya kawaida. Sasa mtu ana ya pili analalamika mbona hainyamazi, hapo hakuna ubovu, ndivyo ilivyotengenezwa.

Jaribio la kwanza halihitaji kifaa chochote. Zima redio, subiri amplifaya izime, chomoa waya wa nobu, washa tena kwa sauti ya chini. Sabufa ikipiga vizuri bila nobu, amplifaya nzima, hangaika na waya na nobu. Ikiwa kimya vilevile, basi anza kuangalia fyuzi, jeki za sauti, na ule waya wa rimoti unaoiwasha amplifaya, uwe na kama volti 12 redio ikiwa imewashwa. Usichanganye huo na waya wa nobu, ni vitu viwili tofauti.

Halafu angalia swichi ya filta. Amplifaya nyingi ikiwa kwenye HPF (inapitisha sauti nyembamba tu) au FULL (inapitisha zote) nobu haina kazi, mpaka uweke LPF (inapitisha besi tu). Na zile za chaneli tano nobu inaongoza chaneli ya sabufa peke yake, kwa hiyo kama fundi alikuungia sabufa kwenye chaneli za nyuma utazungusha mpaka asubuhi.

Sasa twende kwenye waya maana hapa ndo pana mambo. Nobu nyingi zinatumia waya wenye plagi kama ya simu ya mezani, basi ukikatika mtu anachukua waya wa simu anachomeka. Inaingia vizuri kabisa lakini waya nyingi za simu zina nyuzi mbili tu ndani wakati nobu inataka nne au sita, na pia nyingi zimebanwa kinyume. Kujua, shika plagi zote mbili pamoja, zikiangalia upande mmoja, vilimi chini, soma rangi kutoka kushoto. Zikifuatana sawa waya umenyooka, zikigeuka umepinduliwa. Unaoweka ufanane na ule wa mwanzo, vinginevyo kitaa hakiwaki, au sabufa inanyamaza, au nobu inafanya kazi kinyumenyume. Na ukague pale waya unapopita chini ya reli ya siti, panakatika sana pale.

Sisi wa pwani tuna na chumvi. Gari inayolala Raskazone kando ya bahari madirisha wazi, pini za shaba kwenye plagi zinaota kutu ya kijani, nobu inaanza kukwaruza ukizungusha. Tumia spreyi ya kusafishia kontakti, oili ya kawaida usiguse. Ikiendelea, fungua uipime na mita kwenye omu, ncha moja mguu wa kati nyingine mguu wa pembeni, zungusha polepole. Ikiandikwa B50K, yaani omu 50,000, namba itembee taratibu kutoka karibu sifuri mpaka kama 50,000. Ikirukaruka au ikipotea katikati, njia ya ndani imelika, badilisha hiyo voliumu ya ndani tu kwa thamani ileile.

Na tafadhali sana usiazime nobu ya amplifaya nyingine kujaribia. Plagi zinafanana lakini mpangilio wa pini kila kampuni na wake, pini moja inaweza kuwa na umeme, ukapiga shoti ukaua amplifaya iliyokuwa nzima.

Ikishapona, usiiachie hapo hapo. Kila ukiongeza dB 3 (desibeli, kipimo cha sauti) ni nguvu mara mbili, kwa hiyo nobu inayoongeza dB 12 inadai nguvu kama mara 16. Ukipanga geni (ile seting ya amplifaya ya kupandisha sauti inayoingia) nobu ikiwa kushoto, siku abiria akiijaza utanusa koili ya sabufa inaungua. Jaza nobu kulia mwisho, redio robo tatu, ndo upandishe geni taratibu, ikianza tu kukwaruza rudi nyuma kidogo, iache hapo.