Uziwi wa sikio moja: maana yake, na taabu zake kwa mtu wa kazi

Uziwi wa sikio moja ni hali ambayo sikio moja husikia kama kawaida na la pili halisikii, au husikia kwa shida. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani limeipa hali hii daraja lake: sikio zima liwe linasikia sauti zilizo chini ya desibeli 20 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti), na lile bovu lisianze kusikia mpaka sauti ifike desibeli 35 au zaidi. Wako wanaosema mtu huyo ni nusu kiziwi, na kwa maoni yangu wanakosea, kwani katika chumba kimya yeye huzungumza na mwenzake bila taabu. Kinachompotea hasa ni upande.

Ubongo hujua sauti inatoka wapi kwa kulinganisha masikio mawili. Sauti ya kulia hufika sikio la kulia mapema kidogo, kwa muda usiotimia hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, tena hufika ikiwa na nguvu zaidi, kwa kuwa kichwa huizuia isivuke yote kwenda kushoto. Sikio likibaki moja, hakuna cha kulinganisha. Ndiyo maana katika vichochoro vya mji wa kale wa Lamu, ambako punda aliyebeba mchanga hujaza njia nzima, mtu huyu husikia "Pisha!" akaruka, kumbe amerukia kwa punda. Hilo watu hulicheka, na mwenyewe hucheka nao.

Salamu haichekeshi. Chukua fundi wa nakshi anayechonga mlango dakani, yaani kwenye kibaraza cha mlangoni, sikio lake bovu likielekea njiani. Mzee anapita, anatoa salamu, hajibiwi. Kesho yake vivyo hivyo. Kwa kuwa kujibu salamu ni wajibu, na kwa kuwa fundi huyo huyo huonekana akiongea na simu vizuri tu (ameiweka kwenye sikio zima), hakuna anayewaza habari ya masikio. Husemwa ana kiburi, na kazi zikaanza kupelekwa kwingine naye asijue sababu. Ulemavu usioonekana huhesabiwa kuwa tabia, na nadhani hiyo ndiyo hasara yake kubwa.

Mwenyewe naye hujifunza hila. Huwahi mkutanoni ili apate kiti cha pembeni, upande mbovu ukutani. Hucheka wenziwe wanapocheka, hata kama hakupata neno. Nahodha wa boti ya Mokowe, gati la bara ng'ambo ya Lamu, mwenye mashine nyuma yake na abiria mbele, hukaa akisoma midomo ya watu kuliko anavyowasikia. Kukisia huko kutwa nzima huchosha akili, na jioni mtu hukwepa baraza na harusi, si kwa kuchukia watu, bali hana tena nguvu ya kusikiliza. Hofu ya kupoteza na lile sikio moja lililobaki huwasumbua wengi, na usiku wako wasiothubutu kulilalia, wasije wakakosa kusikia mtoto akilia.

Sababu ni nyingi: matubwitubwi ya utotoni, jeraha, uvimbe kwenye neva ya sikio. Mtu akiamka sikio limezima ghafla, asikae akitia mafuta ya moto akingoja lizibuke. Hiyo ni dharura, kwa kuwa dawa za steroidi hufaa zaidi katika siku za mwanzo. Waliokwisha kupoteza sikio wana kifaa kinachochukua sauti upande mbovu na kuirusha kwenye sikio zima. Kwa nahodha humfaa, maana humletea maneno ya abiria walio upande asiousikia. Njia ya punda, hata hivyo, hakimwoneshi, kwa sababu sauti zote bado zinaingia kwa sikio lile lile moja.