Ganda la Risasi Kung'aa Hakuongezi Shabaha
Katika magrupu ya WhatsApp hapa Nakuru bado unazunguka ujumbe kwamba ganda la risasi likisuguliwa hadi ling'ae, risasi ya kuwindia haikosi. Si kweli. Ganda, yaani kikopo cha chuma kinachobeba baruti na kushika kichwa cha risasi, ni shaba iliyochanganywa na zinki. Kila linapofyatuliwa hurefuka, na shingo yake hukakamaa. Wawindaji wa Marekani wanaojaza upya maganda yaliyotumika ili wayafyatue tena hutafuta ulinganifu: urefu mmoja, shingo zinazobana kichwa cha risasi kwa nguvu sawa. Hilo hupimwa kwa kalipa, kifaa cha kupimia urefu na upana, si kwa macho. Kinachochanganya watu ni kwamba usafi una kazi yake halisi: hurahisisha kuona nyufa karibu na kitako. Isitoshe, hapa Kenya uwindaji wenyewe ulipigwa marufuku mwaka 1977. Tafadhali, ukiupokea ujumbe huo usiusambaze.