Watu wa HR (rasilimali watu), hizo nafasi za kamati ombeni

Kila uchaguzi wa tawi la chama chetu cha watu wa HR nikihudhuria naona yale yale, mwenyekiti anauliza nani atakuwa mweka hazina, ukumbi mzima watu wanainamia simu, mwisho wanarudishwa wale wale wa mwaka jana wakiwa wamechoka. Inaniuma, kwa sababu hapa Kenya HR sio kazi ya kujifanyia tu. Tangu ile Sheria ya mwaka 2012 inabidi uwe umesajiliwa na IHRM, taasisi inayosimamia taaluma yetu, na uwe na leseni ya kufanya kazi, sasa kama taaluma inajisimamia yenyewe ni nani ataisimamia kama sio sisi?

Najua mtasema hakuna mshahara, na kweli hakuna, nauli yako bando lako. Lakini mtu wa HR huko ofisini yuko peke yake, siri za watu umezibeba na huna wa kumuuliza. 2023 ilipokuja ile tozo ya nyumba, asilimia 1.5 ya mshahara kwa mfanyakazi na mwajiri naye kiasi hicho hicho, halafu Oktoba 2024 SHIF, mfuko mpya wa bima ya afya, ikachukua nafasi ya NHIF ya zamani na asilimia 2.75, hesabu za mishahara zilitusumbua sana jamani. Waliokuwa kwenye kamati walikuwa na mtu wa kumpigia usiku, wengine walikuwa wanabahatisha.

Mimi nilianzia mlangoni. Kamati ndogo ya mafunzo, Jumamosi asubuhi, meza moja, daftari la mahudhurio na kalamu ya bluu. Dada mmoja wa shamba la maua Naivasha akasaini akabaki amesimama, akaniuliza polepole, mfanyakazi akiiba si unamfukuza tu siku hiyo hiyo? Nikamwambia hapana, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinataka umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, awe na mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, na umsikilize kabla hujaamua, ukiruka hapo unaweza kushindwa kortini hata kama wizi ni wa kweli. Nyuma yake kwenye foleni watu watatu wakasema hata wao hawakujua. Nikapeleka kwa kamati na mada ya mwezi uliofuata ikabadilishwa ikawa hiyo, na bila mtu kukaa pale mlangoni hakuna ambaye angesikia.

Ila usichukue cheo kwa ajili ya kupamba CV. Tuliwahi kuwa na mweka hazina alikubali kwa makofi halafu akazima simu, na benki inataka sahihi mbili, pesa za ukumbi zikakwama na mafunzo yakaahirishwa. Afadhali kiti kibaki wazi kijulikane kiko wazi.

Kwa hiyo ongea na bosi wako kwanza kuhusu hizo Jumamosi na vikao vya jioni. Kama kampuni yako inauza mafunzo sema mapema, na siku tenda ya mafunzo inajadiliwa utoke nje. Kama huna uhakika anza na kamati ndogo, huko mara nyingi hakuna kura, unasema tu niko. Ukitaka kugombea, omba katiba kwa katibu, angalia muda wa uongozi ni miaka mingapi, lipa ada yako, na tafuta sasa hivi mtu wa kukupendekeza na wa kukuunga mkono, maana fomu huwa zinafungwa kabla ya mkutano na wengi hukosea hapo.