NULL moja inavyofuta jina zima

Siku moja nilikuwa natoa orodha ya wanachama kutoka kwenye hifadhidata ya PostgreSQL. Jedwali lilikuwa na safu tatu za majina, nami nikaziunganisha hivi:

SELECT jina_kwanza || ' ' || jina_kati || ' ' || ukoo FROM wanachama;

Orodha ikatoka, lakini mistari kadhaa ilikuwa mitupu. Wanachama hao walikuwamo, jina la kwanza na ukoo vimeandikwa vizuri. Walichokosa ni jina la kati tu: safu hiyo ilikuwa NULL.

NULL si maandishi matupu. Maana yake ni "haijulikani", na ukiunganisha kinachojulikana na kisichojulikana, jibu lote halijulikani. SQLite, hifadhidata nyingine, nayo hufanya hivyohivyo. Oracle ina njia yake: kwake maandishi matupu na NULL ni kitu kimoja, kwa hiyo jina halifutiki. MySQL, kwa mipangilio yake ya kawaida, husoma || kama "au", hivyo mahali pa jina utakuta 0, au NULL jina la kati likikosekana. Hata CONCAT, amri ya kuunganisha maandishi, haina tabia moja. Kwenye MySQL, NULL moja huangusha kila kitu. PostgreSQL na SQL Server huiruka.

Wengi hukimbilia COALESCE(jina_kati, ''), inayoweka maandishi matupu mahali pa NULL. Jina linarudi, ila kati ya jina la kwanza na ukoo zinabaki nafasi mbili. Jicho halizioni, lakini anayetafuta 'Asha Juma' kwa nafasi moja hapati kitu. Hili linaniuma zaidi kuliko mstari mtupu, maana mstari mtupu angalau unaonekana.

Mimi siku hizi naandika hivi:

CONCAT_WS(' ', jina_kwanza, NULLIF(TRIM(jina_kati), ''), ukoo)

Cha kwanza kwenye mabano ni kitenganishi, na CONCAT_WS huiruka NULL pamoja na kitenganishi chake. Haiyaruki maandishi matupu, ndiyo maana nimeweka TRIM, inayoondoa nafasi za pembeni, na NULLIF, inayogeuza maandishi matupu kuwa NULL: fomu nyingi huhifadhi '' mtu anapoacha kisanduku wazi. SQL Server inayo tangu toleo la 2017, SQLite tangu 3.44 ya mwaka 2023.

Kukusanya mistari mingi iwe mmoja, PostgreSQL ina STRING_AGG. Mpangilio uandike ndani yake:

STRING_AGG(ukoo, ', ' ORDER BY ukoo)

Usipouandika, majina yanaweza kubadilisha nafasi leo na kesho. Kwenye MySQL utatumia GROUP_CONCAT, na hapo kuwa macho: kwa kawaida matokeo hukatwa yakifika baiti 1024, nawe unapewa onyo tu, ambalo programu nyingi hazilionyeshi. Ongeza kikomo hicho, group_concat_max_len, kabla ya kuiamini orodha ndefu.

Namba nazo zina mtego wake, na huu umenipata kwenye ripoti ya malipo:

SELECT to_char(kiasi, 'FM999,999,990.00') AS kiasi FROM malipo ORDER BY kiasi;

Kila kiasi kina mikato yake na desimali mbili, lakini 1,200.00 imetangulia 950.00. to_char hugeuza namba kuwa maandishi, nami nimeyapa maandishi hayo jina lilelile la safu, na ORDER BY huchukua kwanza jina lililo kwenye matokeo. Inapanga maandishi, na 1 hutangulia 9. Andika ORDER BY malipo.kiasi, na namba zitapangwa kama namba.