Plastiki Ikipigwa na Mwanga: Kinachotokea Kabla ya Umeme

Nyaya za nyumbani huvikwa plastiki kwa sababu haipitishi umeme. Ila si plastiki zote. Mwaka 1977 Hideki Shirakawa, Alan MacDiarmid na Alan Heeger walionyesha kuwa plastiki iitwayo poliasetilini, ikitiwa mvuke wa iodini, hupitisha umeme mamilioni ya mara zaidi ya ilivyokuwa. Wakapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2000. Polima, yaani molekuli ndefu kama mnyororo, za ukoo huo ndizo zinazotengenezewa seli za sola nyepesi, zinazokunjika.

Mwanga ukiingia kwenye polima hizi, umeme hauji papo hapo. Elektroni hurushwa ngazi ya juu ya nishati na kuacha tundu nyuma yake. Moja ina chaji hasi, jingine chanya, kwa hiyo vinavutana na kubaki vimeshikana. Jozi hiyo huitwa eksitoni. Kwenye silikoni mvuto huo ni hafifu, joto la chumbani tu linatosha kuivunja. Kwenye polima ni mkali. Eksitoni husafiri nanomita 10 hivi, na isipokuta cha kuitenganisha, elektroni hurudi tunduni na nishati ikapotea kama mwanga au joto.

Mambo haya huamuliwa ndani ya femtosekunde, na femtosekunde ni sekunde moja igawanywe kwa milioni bilioni. Hakuna kifaa cha kielektroniki chenye kasi hiyo. Basi tunapimaje?

Kwa rula. Leza hutoa mapigo ya mwanga, kila pigo likidumu femtosekunde 100 au pungufu. Pigo hugawanywa sehemu mbili: la kwanza linaamsha polima, la pili, dhaifu zaidi, linafuata kuikagua. Hilo la pili hupitishwa kwenye vioo vilivyofungwa juu ya reli. Ukivisogeza nyuma kwa milimita 0.15, mwanga unaenda na kurudi, njia inaongezeka milimita 0.3, na pigo linachelewa pikosekunde moja, yaani femtosekunde 1,000. Unasogeza, unapima, unasogeza tena.

Kinachopimwa ni kiasi cha mwanga wa ukaguzi kilichovuka sampuli. Badiliko mara nyingi halifiki hata sehemu moja kati ya elfu, ndiyo maana gurudumu lenye mianya huziba pigo la kuamsha kila baada ya moja, ili tulinganishe sampuli iliyoamshwa na isiyoamshwa, maelfu ya mara. Kazi ya kuchosha, lakini rangi zinasema mengi. Penye rangi ambayo polima huifyonza kwa kawaida, mwanga huvuka zaidi, maana elektroni nyingi zimeshahama. Kwenye rangi nyingine, hasa upande wa infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, ufyonzaji mpya hujitokeza: wa eksitoni, au wa polaroni, yaani chaji iliyojitenga ikiwa imeupinda mnyororo wa polima unaoizunguka.

Mwaka 1992 kundi la Heeger huko Santa Barbara, Marekani, lilionyesha kwamba polima ya jamii ya PPV (mojawapo ya hizi zinazofyonza mwanga), ikigusana na molekuli ya kaboni C60, huikabidhi elektroni yake. Je, kwa kasi gani? Mwaka 2001 vipimo vya leza kwenye mchanganyiko wa aina hiyo vilitoa jibu: femtosekunde 45 hivi. Mng'ao wa polima ikiwa peke yake, yaani mwanga unaotoka elektroni zikirudi tunduni, huchukua mamia ya pikosekunde kufifia, kwa hiyo elektroni inakuwa imeshaondoka muda mrefu kabla ya kupata nafasi ya kurudi tunduni. Kwangu hicho ndicho kipimo kilichoipa nguvu hoja ya sola za plastiki.

Tahadhari moja kwa wanafunzi wanaoanza. Pigo la kuamsha likiwa kali mno, eksitoni huwa nyingi, zinagongana na kuuana, na grafu ya badiliko unalopima inashuka haraka. Ni rahisi kudhani umeona chaji zikitengana. Punguza nguvu ya leza nusu, kisha nusu tena, upime upya. Kasi ya kushuka ikibadilika kila unapopunguza, ulichokuwa unapima ni ukali wa leza yako.